Kijicho

Swichi ya indiketa ilikatika Ijumaa, kona ya Limbani,
ikanibakia mkononi kama jino la mtoto.
Morisi ya baba, ya mwaka sitini na mbili,
rangi yake sijui niiite nini: maziwa
yaliyoingia chai kidogo.
Nyuma yangu vespa ikapiga honi,
haijui niendako,
na mimi, wallahi, sikuwa na la kuiambia.

Fundi Shaame aliitia kiganjani, akaipuliza
kama ataifufua.
"Hii haina mwenziwe Pemba nzima.
Nikutilie ya Toyota?"
Nikamwambia ya Toyota ni ya Toyota.
"Basi toa mkono nje, kama marehemu."

Marehemu hakuiamini taa. Taa, akisema, husema uongo;
mkono wangu naujua.
Kulia aliunyoosha wote,
kushoto aliuzungusha pole pole, kama mtu anayekoroga uji,
na akina mama wa Jadida wakimpungia nao,
miaka yote wakidhani anawasalimu.

Nikavuka Unguja.
Darajani walinipa swichi ya feni.
Mwanakwerekwe kijana mmoja aliniuliza
kama Morisi ni jina la mtu.
Saateni nilipekua pipa zima: vitasa, koili,
kioo cha pembeni kilichonionesha nusu ya uso.
Mshona viti vya magari, Mikunguni, ndiye aliyesema,
sindano mdomoni:
"Nenda Kikwajuni, kwa Bi Zuweina.
Usiende mikono mitupu."

Nilienda na boflo mbili na kilo ya sukari.

Ilikuwa ukutani, juu ya samadari yake.
Mumewe, fundi umeme wa bandarini,
aliichomoa kwenye gari iliyokufa, akaikaza kwa skrubu nne,
waya ukapita dirishani hadi kwenye betri uani.
Ukiishusha, taa ya chumbani.
Ukiipandisha, ya ukumbini.
Katikati, giza.
Na nchani pake kitone cha kijani, kimetoa macho.
"Kijicho changu," akasema.
"Kijicho pekee nilichokiruhusu ndani ya nyumba hii."

Nilitaja bei. Akatazama pembeni.
Nikapandisha. Akaniuliza karafuu mwaka huu zimezaaje.
Zimezaa, nikasema, wachumaji ndio hawapo.
Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Boflo likakatwa.
Ndipo nikamsimulia mkono wa baba, sijui kwa nini,
na akina mama wa Jadida.
Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.
"Wangu," akasema, "akirudi zamu ya usiku
hutazama tangu njiani. Ya ukumbini ikiwaka:
wageni wapo, piga hodi.
Ya chumbani…"
Hakumaliza. Alikata boflo la pili.

Bisibisi aliishika mwenyewe.
Skrubu ya nne iligoma; akaipigia bismillahi mara mbili.
Alichukua nusu ya bei,
na swichi nyeupe ya dukani, ya kawaida kabisa,
niliyomfungia kabla ya magharibi.

Shaame alikosea waya kwanza:
nikienda kushoto, Morisi inasema kulia.
"Iache tu. Wete hii nani anaangalia taa?"
Nilimkazia macho, akairudia.

Usiku ule simu ikalia.
"Kinawaka?"
"Kinawaka, Bi. Kinapepesa."
Kimya. Nikasikia kikombe kikiwekwa.
"Kinapepesa? Kwangu miaka thelathini
hakikupepesa hata mara moja."
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulala:
"Mkono wangu bado unapapasa ukuta."

Nilikuwa Limbani, kona ileile,
tk, tk, tk,
kijani kikinigusa vidole kikiniacha.
Nyuma yangu hakuna mtu.
Sikukata kona
mpaka alipokata simu.